Mhariri, virusi mnavyovitafuta kwenye bomba sisi tunavibeba kwenye gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na naomba usinikate katikati maana habari yenyewe ina kona kona. Mimi ni dereva wa gari la majitaka hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na nne, lile gari ambalo watoto wa mtaani wana jina lao wanaliita na nikiliandika hapa najua utalifuta. Kazi yangu ni kunyonya vyoo vilivyojaa na kwenda kumwaga kwenye bwawa la majitaka. Sina digrii ya chochote ila mavi ya jiji hili nayajua kuliko watu wengi wanaoyafanyia semina.

Juzi kati nimefika bwawani nakuta vijana wawili, mkaka na mdada, wamevaa makoti meupe na glavu, wana kiboksi cha barafu kama cha wauza aiskrimu na kopo limefungwa kamba. Kamba yenyewe fupi, yule dada anainama mpaka utingo wangu akamshika koti kwa nyuma asije akatumbukia. Akaniamkia vizuri tu, shikamoo mzee, nikamuuliza binti mnatafuta nini humo, mtu kadondosha simu? Akacheka, akasema wanachota majitaka wakapime kama kuna virusi vya polio.

Nikampa hongera kwakweli. Afu nikagundua wanachota pale bomba kubwa linapoingilia tu, upande wetu wa kumwagia magari hawajaja kabisa. Nikamuuliza, na huku kwetu je? Akaniambia mzee mwongozo wetu unasema bombani. Basi nikacheka mimi sasa, cheko la mtu mwenye uchungu, na ndo hilo limenifanya nishike simu niandike.

Kwanza nisieleweke vibaya, sipingi hata kidogo. Hii kazi ya kupima majitaka ni akili kubwa. Polio ina ujanja mmoja mbaya sana, katika watoto karibu mia mbili walioambukizwa ni mmoja tu ndo anapooza, waliobaki wanacheza, wanakula, wengine hata homa hawapati, ila wote kirusi kinatoka chooni kwa wiki kadhaa. Kwahiyo ukisubiri mpaka mtoto apooze ndo ujue kuna polio mtaani kwenu, ujue tayari kirusi kimeshatembea kwa mamia ya watoto. Choo hakisubiri mtu apooze, choo kinasema mapema, na hakina aibu wala hakihitaji nauli ya kwenda zahanati.

Wenzetu Nairobi yaliwakuta. Machi 2018 walichota majitaka Eastleigh, kule Kamukunji, wakakuta kirusi cha polio aina ya pili kinachofanana na kile kilichookotwa kwenye majitaka ya Mogadishu, na wakati huo hakuna mtoto hata mmoja Nairobi aliyeripotiwa kupooza. Watu wa matone ya chanjo wakaingia mtaani. Na haikuwa mara ya kwanza, Oktoba 2013 hapo hapo Eastleigh majitaka yalitoa kirusi chenyewe cha asili, mwaka ambao watoto walikuwa wanapooza kule Dadaab kwenye kambi za wakimbizi. Hata London wenye mabomba mpaka chini ya kitanda, mwaka 2022 walikuta polio kwenye mtambo wao wa Beckton unaopokea majitaka ya watu karibu milioni nne, Agosti watoto wa London wa mwaka mmoja mpaka tisa wakaitwa kuchanjwa upya, na London nzima hakuna aliyeonekana kapooza.

Sasa linganisha na kwetu. Tanzania polio ya asili tuliiona mara ya mwisho 1996. Afu 2023 ikapatikana hii nyingine kwa mtoto mkoani Rukwa, Septemba ikabidi ifanyike kampeni mikoa sita, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya. Yani Nairobi waliambiwa na bomba, sisi tuliambiwa na mtoto. Majirani zetu Burundi mwaka huo huo mwezi wa tatu walitangaza watoto watatu na sampuli tano za majitaka zenye kirusi, baada ya miaka zaidi ya thelathini bila polio.

Hapa kuna jambo watu wanalipotosha sana vijiweni so bora niliseme kama nilivyoelezwa. Hicho kirusi cha Eastleigh 2018, cha Burundi na cha Rukwa sio kile cha asili, kimetokana na kirusi cha kwenye matone. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa, mtoto akimeza kinamkinga na kinatoka chooni kama kawaida, hamna tatizo. Tatizo ni pale mtaa mzima una watoto wengi hawajachanjwa, kile kirusi kinapita kwa huyu kinaenda kwa yule, kinazunguka hata mwaka na zaidi, kinajifunza tabia za ukoo wake wa zamani na mwisho kinaweza kupoozesha. Aprili 2016 dunia nzima iliondoa aina ya pili kwenye matone ya kawaida, kwahiyo watoto waliozaliwa baada ya hapo matumbo yao hayaijui hiyo aina, ndo maana inapata njia. Kwahiyo anayesema basi tuache chanjo amesoma nusu ya hadithi, maana dawa yake ni watoto wengi zaidi wachanjwe.

Na sio polio tu. Uholanzi mji wa Amersfoort walikuta vipande vya korona kwenye majitaka tarehe 5 Machi 2020, kabla mgonjwa wa kwanza wa mji ule hajaripotiwa. Sisi huku mwaka huo huo namba zilisimama kwenye wagonjwa 509 zikakaa hapo mwaka mzima na zaidi. Namba zilisimama mhariri, ila vyoo havikusimama, mimi nilikuwa nanyonya kila siku. Laiti mtu angekuja na kopo.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Mabomba ya majitaka Dar yanafika sehemu ndogo tu ya jiji, Posta, Upanga, Kariakoo na maeneo mengine ya kuhesabu. Waliobaki, yani wengi wetu, tuko na shimo au tenki. Mbagala shimo, Tandale shimo, Manzese shimo, Keko shimo, na huko ndo wapangaji wako nyumba moja familia nane choo kimoja, huko ndo watoto wanatambaa uani, huko ndo kuna mama anahama kila miezi sita na kadi ya kliniki ilishapotea zamani. Ukichota bombani unapima watu wenye bomba, na mwenye bomba mara nyingi ana kadi ya mtoto iko kamili kwenye droo. Ni sawa na kutafuta sindano barazani kwa sababu barazani kuna taa.

Magari yetu sasa. Mimi kila safari naandika kwenye daftari, tarehe, mtaa, nyumba, lita ngapi. Bwawani getini wanaandika tena. Bomba likikuambia lina kirusi unabaki unakuna kichwa, kimetoka wapi kati ya watu maelfu? Gari likikuambia, unajua asubuhi ile lilitoka kata gani. Hamna haja ya maabara kubuni kitu, ramani tayari ipo kwenye daftari langu lenye madoa.

Yule dada hakunyamaza, alinibishia, na alinibishia vizuri mpaka nikampenda akili. Akasema mzee, tope la chini ya shimo limekaa miaka, virusi vingi humo vilishakufa, utapima historia. Akasema tena watu wanamwaga vitu chooni, nikamwambia kweli, chumvi, majivu, mafuta ya taa, dawa za dukani, kuna nyumba moja nilikuta betri za redio mfuko mzima. Hivyo vyote vinaweza kuharibu kipimo. Akaniambia pia majibu hayatoki kesho, maana wakifika maabara wanakamua ile nusu lita au lita mpaka ibaki kidogo, wanamwagia kwenye chupa za seli za panya zilizowekewa mlango wa binadamu ili polio iweze kuingia, wanakaa siku kadhaa kuangalia kama seli zinakufa, afu ndo wanasoma vinasaba vya kirusi kujua ukoo wake. Wiki zinapita hapo. Nimemwelewa.

Ila na mimi nikamjibu. Sio kila ninachobeba ni tope la zamani. Nyumba za wapangaji tenki linajaa kila wiki tatu nne, tunanyonya maji ya juu tu kwa sababu mwenye nyumba hataki kulipia safari mbili, hayo ni ya juzi na jana. Mahoteli hivyo hivyo, mabweni ya shule hivyo hivyo. Chagueni magari ya aina hiyo, mchanganye magari matano sita ya kata moja kwenye ndoo moja, mpime. Na pale gari haliingii, vichochoro vya Vingunguti kule ambako wale wazibua vyoo kwa mikono wanaoitwa vyura ndo wanachimba shimo la pembeni na kuhamishia kwa ndoo, chukueni mtaroni. Nimesoma kwamba nchi nyingi zisizo na mabomba polio inachotwa kwenye mitaro na vijito, kwahiyo hilo sio geni. Ila msije masika maana masika watu wanatapisha vyoo usiku, mvua ikinyesha shimo linafunguliwa linaelekea mto Msimbazi, mnachota maji ya mvua tupu yaliyochanganyika na aibu zetu.

Hilo la kuchanganya magari nimelisema makusudi. Sitaki nyumba ya mtu ipimwe peke yake. Mtaani kwetu ikisemekana tu choo cha mama fulani kimekutwa na virusi, biashara yake ya maandazi imekufa siku hiyo, na watoto wake hakuna atakayecheza nao. Kata inatosha kabisa, kwa sababu hata chanjo inakuja kwa kata.

Jambo lingine ambalo linaniuma zaidi ni majibu. Nilimuuliza yule dada mkimaliza kupima mnamwambia nani? Akasema ripoti inapanda juu. Sawa, ipande, lakini ikishapanda ishuke pia. Mwaka 2022 baada ya yule mtoto wa Lilongwe kule Malawi kukutwa na polio ya asili, huku kwetu walipita na matone nyumba kwa nyumba. Nyumbani kwetu mpangaji mwenzetu, mama mmoja mtaratibu tu, alifunga mlango. Mke wangu akagonga, mama nanihii fungua wamekuja wa chanjo, akajibu kwa ndani mwanangu ameshapata zote, hizi za mlango kwa mlango ni za nini? Sikuwa na jibu la kumpa. Kama ningeweza kusema mama, kwenye majitaka ya kata yetu kimekutwa kitu, nadhani angefungua, maana anayeambiwa moshi unatokea jikoni kwake hubishani naye. Ila kumwambia Malawi, Malawi ni mbali, yeye Malawi hajawahi hata kuota.

Kwahiyo ombi, mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wapewe majibu kwa Kiswahili cha kawaida, yabandikwe pale ofisini kwenye ule ubao ambao sa hivi una tangazo la mbwa aliyepotea. Kimekutwa, hakijakutwa, tunafanya hivi. Hata hakijakutwa ni habari. Watu wakizoea kusoma hakijakutwa miezi kumi, siku wakisoma kimekutwa watashtuka inavyotakiwa.

Na kama mtaamua kuja kwenye magari basi anzeni na sisi wenyewe. Mimi glavu najinunulia, utingo wangu buti yake ya kushoto imepasuka, na katika miaka yote hii hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza kama nimechanjwa chochote, homa ya ini wala taifodi. Tunaogea ndoo moja pale bwawani jioni afu tunapanda daladala na nyinyi. Hilo nalo ni la kiafya, ila naona nikiliendeleza barua itakuwa mbili.

Kesho safari ya kwanza naenda Mbagala, nyumba ya wapangaji, tenki lilinyonywa mwezi uliopita na limeshajaa mpaka chemba inatapika uani. Mnamo saa tano asubuhi nitakuwa bwawani upande wa magari. Kama yule dada anasoma gazeti hili, aje, ila safari hii aje na kamba ndefu.

Dereva wa gari la majitaka,
Temeke, Dar es Salaam