Kaka, ile futi kamba bado ipo

Kaka yangu, shikamoo. Ujumbe wako wa Oktoba niliusoma nikashindwa kuujibu. Uliandika kwamba tangu Baba afariki nimekuwa mtu mwingine, na wiki hiyohiyo shangazi akanisomea maneno hayohayo kutoka katika simu yake, ndipo nilipojua kwamba hukuniandikia mimi peke yangu. Basi na jibu langu acha walisikie wengine.

Ni kweli nimebadilika. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na miaka 24, cheti cha chuo kikiwa ndani ya bahasha, naamka saa tatu, na nikiishiwa vocha namwomba Baba. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshafika kwa wakulima wa huku Uru, mlimani Kilimanjaro, kuchagua mshare, zile ndizi za kupika, nateremka nazo Moshi mjini, na mara mbili kwa wiki napakia mikungu kwenye basi la Dar es Salaam. Shehena yangu ya kwanza, mikungu 14, iliiva njiani kwa sababu niliinunua ikiwa imekomaa mno na nikakubali ipakiwe karibu na injini. Mnunuzi akalipa nusu, nami nikalia stendi mbele ya wapiga debe. Ya pili niliichagua ndizi zikiwa bado na kona, hazijajaa. Hakuna aliyenifundisha, na sisemi hivyo ili unionee huruma.

Lakini si ndizi zilizonibadilisha, na siku yenyewe unaijua.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, turubai bado halijashushwa, na majivu ya jiko la msibani bado yana moto kwa chini. Uliniita kwa lile jina la utotoni, kwa upole kabisa, ukanipa ncha ya futi kamba ukasema, "Shika hapa kwenye mfongo, usiachie." Nikashika, ukingoni mwa huo mfereji wa maji. Nilidhani tunapima mahali pa kujengea kaburi. Ukawa unarudi kinyumenyume kati ya migomba, baba mdogo akiandika nyuma ya daftari la michango ya msiba, kwenye zile kurasa tupu, na kila ulipofika mwisho ulinipigia kelele nivute, nami nikavuta. Tulipomaliza, kipande cha juu cha shamba kikawa chako, na cha nyumba kikawa cha mdogo wetu kwa kuwa ndiye kifunga mimba. Nikauliza changu kiko wapi. Ukacheka, Kaka. Hukucheka kwa ubaya. Ulicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto mwezi unalala wapi. Kisha ukasema, "Wewe si utaolewa?" Baba mdogo akafunga daftari. Mama alikuwa mlangoni na ungo wake, akageuka akaingia ndani.

Kama ningekuwa nimesimama mbali nikitazama tu, huenda leo ningekuwa nimesahau. Linaloniuma ni kwamba nilikushikia.

Nikaanza kusoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Najua utasema mirathi ni jambo jingine, na kwamba lile Tamko la Sheria za Mila la 1963 linamweka binti nyuma; nalo nimelisoma, tena mara mbili, na mara zote mbili niliona mkono wangu umeshika ule utepe.

Nikushauri kama mdogo wako: usikiuze kipande cha juu. Mibuni ya Baba haijafa, imekosa mtu tu. Ukiiacha misimu miwili bila kuipogoa inakimbilia juu, matawi yanakonda, na buni zinabaki chache nchani, mahali ambapo mkono haufiki. Mimi nimeipogoa mistari minne, na nisingefanya hivyo kama ningekuwa na nia ya kukunyang'anya kama unavyowaambia watu. Wala sikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji Septemba ili kukushtaki. Nilikwenda kumwomba asigonge muhuri mpaka tukae kikao, na mtu yeyote mwenye mama anayekata majani ya ng'ombe katika kipande hichohicho angefanya vilevile. Ungekuwa umepokea simu yangu nisingefika huko. Hapana, niseme kweli: sikukupigia. Niliogopa kwamba ungenibembeleza nikakubali, maana wewe ndiye uliyelipa ada yangu ya mwaka wa pili, na masika ukinivusha mfongo mgongoni ili viatu vya shule visilowe, na sauti yako ikishuka kidogo mimi huwa sina ubishi.

Wenzangu mnaosoma hapa mtatuvumilia, mambo haya yalipaswa kusemwa jikoni.

Ule ujumbe uliumalizia kwa "samahani kama nilikukosea." Hilo "kama" nimeshindwa kulimeza. Kwetu aliyekosa huleta jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, na anayeletewa hapaswi kulikataa hata akiwa na hasira kiasi gani. Unalijua hilo kuliko mimi. Wewe umeyapanda masale mstari mzima kuonyesha mpaka wako, na hujaniletea jani hata moja. Nilitumaini yangekauka. Yameshika yote, na mengine yamenifika kiunoni.

Futi kamba umeiacha, ipo kwenye msumari stoo. Mwezi uliopita niliichukua, Mama akashika ncha kwenye mfongo bila kuniuliza neno, nikapima upya kipande cha juu. Wewe uliandikisha mita 38. Mimi nimepata 41. Labda sikushika vizuri siku ile.

Majirani wanaoishi Dar wameanza kupanda kuja huku mlimani, magari yao yanapita usiku. Mama ameloweka ulezi wa pombe ya mbege jana jioni, ule wa debe zima kama Baba alivyokuwa akitaka, na hajaniuliza kama unakuja.