Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza: mafunjo yasubiri ndege waondoke

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Nyegezi.

Naomba mafunjo na matete ya ufukweni, hasa upande wa Luchelele, yasifyekwe wala kuchomwa kuanzia katikati ya Februari hadi Aprili iishe. Sababu ni ndege. Najua mezani kwako kuna maji, machinga na barabara, na barua ya ndege inaweza kuonekana ya mtu asiye na kazi. Nivumilie.

Miezi hii mbayuwayu waliokuja kwetu kukwepa baridi ya Ulaya na Asia wanajiandaa kurudi. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na wengi wao wana Sahara mbele yao. Bila mafuta mwilini havuki. Ndiyo maana wanashinda wakila, hasa wale inzi wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Jua likikaribia kuzama wanakusanyika juu ya matete, wanazunguka wee, halafu wanashuka kwa mkupuo na kulala humo humo, mabua yakiinama kwa wingi wao.

Kuna na buabua wenye mabawa meupe. Desemba utawaona weupe tu, si wa kugeuza shingo. Machi manyoya meusi yanaanza kutokeza kichwani na tumboni, madoa madoa, na kadiri Aprili inavyosogea mwili unakuwa mweusi tii, mabawa yakibaki meupe. Hapo ndipo wanaondoka kwenda kutaga kwenye mabwawa ya Ulaya Mashariki na Urusi. Tanzania imeridhia mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na huko, kwa hiyo siombi hisani.

Shida inakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usafi naupenda, na huwa nashiriki. Lakini mkabidhi mtu fyekeo, mwambie asafishe ufukwe: atafyeka kilichosimama, na chupa za plastiki ataziacha palepale. Mwaka jana kipande kimoja karibu na kwetu kilifyekwa, kikachomwa. Jioni ile mbayuwayu walizunguka juu ya majivu mpaka giza likaingia.

Tusichanganye mafunjo na magugu maji. Magugu maji ni mvamizi, yatolewe hata leo. Mafunjo ni ya ziwa hili tangu enzi: yanachuja tope na uchafu unaoshuka na mvua kutoka milimani, na ndimo kamongo na vifaranga vya sato wanamojificha. Anayelalamika kwamba samaki wamepungua aanzie hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ingawa ukitembea ufukweni utadhani ziliandikwa 6.

Ninachoomba hakina gharama: waraka mmoja kwa watendaji wa kata zinazopakana na ziwa, uwafikie kabla ya usafi wa Februari, ukisema ufukweni ziokotwe taka tu, mapanga na viberiti vibaki nyumbani. Wenye mafyekeo wapelekwe kwenye mitaro ya Nyegezi, ambayo imeziba na masika ndiyo hayo yanakuja. Mimi nitakuwa huko na fyekeo langu.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi wa Nyegezi