Habari za Balangiga, kwako Kaka Fidelis

Doha

Kaka Fidelis,

Habari za Songea na baridi yake? Mimi mzima, kazi zinasukumwa.

Siku ile kwenye simu ulilalamika kwamba mtendaji wa kijiji ni mgonga mihuri tu na msuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Nikakumbuka mji wa kwao mwenzangu mmoja wa zamu, Mfilipino. Unaitwa Balangiga, uko Samar Mashariki, halmashauri ndogo ya wavuvi na wakulima wa nazi. Nimeusoma kwa kiu. Viongozi wake wa mtaa waliwahi kupigana na jeshi la Marekani, kaka, na jeshi likapigwa.

Ilikuwa 1901, Marekani ikipigana kuitawala nchi iliyoinunua kwa Hispania. Meya wa mji, Pedro Abayan, alikuwa keshamwandikia Jenerali Vicente Lukbán, kamanda wa wapiganaji wa Kifilipino huko Samar, mwezi Mei: wakija tutawachekea, nafasi ikipatikana tutawainukia. Wakaja kweli, Kampani C ya Kikosi cha 9, na wakamrahisishia kazi. Waliwakamata wanaume wafanye usafi wa mji, wakawasweka kama 80 katika mahema mawili, kila moja la kulaza watu 16, wakanyang'anya mapanga na mchele.

Jumamosi ya 28 Septemba, askari wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, alimpokonya mlinzi bunduki na kumtwanga nayo. Kengele ya kanisa ikalia. Kati ya Wamarekani 74, walikufa 48. Afisa wa Lukbán, Eugenio Daza, alisaidia kupanga, lakini walioishi na adui wakimchekea mpaka siku yenyewe ni meya na polisi wake. Mtu wa kugonga mihuri, unasema?

Kisasi kilikuwa kibaya. Jenerali Jacob Smith aliamuru Samar ichomwe, na alipoulizwa waanze kuua watu wa umri gani, akajibu miaka 10. Mahakama ya kijeshi ilimkaripia, akastaafishwa, basi. Kengele tatu zilibebwa kama nyara, mbili zikaishia kambini Wyoming na moja Korea Kusini. Zilirudishwa Balangiga Desemba 2018. Wewe mtu wa Songea, ambako kichwa cha Nduna Songea Mbano, yule wa Vita vya Maji Maji, bado kinatafutwa, sina haja ya kukueleza uzito wa miaka 117.

Sasa utawala wao wa leo, maana najua ndiko masikio yako yaliko. Sheria kuu ni ya 1991. Meya, naibu wake na madiwani wanachaguliwa kwa miaka mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kupita vipindi vitatu mfululizo. Anapofika mwisho, mara nyingi huingia mke, au mtoto, kisha mwenyewe anarudi. Katiba yao ya 1987 inakataza koo kuhodhi madaraka, ila ikaacha utekelezaji kwa sheria ya Bunge, na Bunge limejaa hizo koo. Mwaka 2016 sheria ikaja kuwabana viongozi wa mabaraza ya vijana. Wazee wakajisahau! Nilicheka peke yangu.

Chini kabisa kuna barangay, hapo ungejiona nyumbani. Ina mwenyekiti, wajumbe saba na baraza la usuluhishi. Majirani wakigombana, kesi nyingi hazipokelewi mahakamani mpaka zipite kwanza hapo. Fedha ndiyo shida. Halmashauri maskini huishi kwa mgao wa kodi za taifa, na sehemu kubwa ya mgao huo hufuata idadi ya watu, kwa hiyo mji mdogo hupata kidogo. Angalau sheria inawalazimisha kutenga si chini ya asilimia 5 ya mapato kwa ajili ya maafa. Huko si anasa: Kimbunga Haiyan cha Novemba 2013 kilianza kupiga nchi kavu Guiuan, pwani hiyo hiyo.

Niambie, kijiji chako kina fungu la maafa, au mvua ikiezua shule mnaanza kuchangishana? Na mapato ya ndani yanabaki kijijini kiasi gani? Mwenzangu ananiuliza kuhusu kwetu, na sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Juma