Jipime kabla hujampima mgonjwa

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza muuguzi anajitambuaje wakati wodi imejaa na kila kitanda kinamwita. Mimi naamini kujitambua ni kazi ya mikono kama kufunga kidonda, na ukiiruka, kasoro inaonekana kwenye chati.

Chukua mfano wa pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kuhesabu kwenyewe ni sekunde 60 kamili. Muuguzi aliyechoka hutupia jicho kifua, akaandika 18. Hakusudii kudanganya; ameshaamua moyoni kwamba mgonjwa hana neno. Kumbe pumzi ni miongoni mwa vitu vinavyobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Ukipitia chati ukakuta wagonjwa wako sita wote wana 18, rudi vitandani na saa mkononi.

Maumivu ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Umemuuliza mgonjwa, kati ya 0 na 10 yanafika ngapi, akakujibu 8 huku anacheka na jirani yake. Hapo kitu ndani yako kitasema, "Huyu anadeka tu." Kisikie kitu hicho, kipe jina: ni kero, au ni uchovu, au anakukumbusha mtu fulani. Kisha andika 8, maana ndiyo aliyoisema, na uliyoyaona uyaandike pembeni kama uliyoyaona. Ukiandika 5 umepima hasira yako, na dawa itachelewa kwa sababu hiyo. Wapo wanaocheka ili wasilie.

Upande wa pili hausemwi sana: mgonjwa unayempenda. Ukiona unapita kitandani kwake mara nne wakati wengine unawapitia mara moja, au unachelewa kukabidhi zamu kwa ajili yake, hilo nalo mwambie msimamizi wako mapema.

Kabla ya kugusa dawa, jiulize haraka: ninaumwa? Kuna dawa niliyokunywa inayoleta usingizi? Nina msongo, pombe, uchovu, njaa? Jibu likiwa ndiyo, mwombe mwenzio ahakiki dozi pamoja nawe, hasa insulini, kwani kosa dogo la kipimo linaweza kumshusha mtu sukari vibaya. Na ukikatizwa katikati ya kuhesabu, anza upya. Usiendelee ulipoishia.

Lakini kuna sehemu huwezi kujiona mwenyewe. Wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham waliichora mwaka 1955 kwenye mchoro wao uitwao dirisha la Johari: yale wenzako wanayoyaona kwako na wewe huyajui. Kuyapata kunategemea swali. Ukiuliza "Mimi nikoje kazini?" utaambiwa uko vizuri. Uliza hivi: "Nilipoongea na yule mama asubuhi, nilimkatiza mara ngapi?" Mwenzako akijibu, usijitetee; ukijitetea mara moja tu, hatakwambia tena.

Zamu ikiisha, andika mistari mitatu bila jina la mgonjwa: kilichotokea, nilichohisi, nitakachofanya tofauti kesho. Wengi hujaza wa kwanza ukurasa mzima na kuuruka wa pili. Wewe anza na huo wa pili, ungali na sare mwilini.

Niandikie wiki ya kwanza ikipita, uniambie mstari upi ulikuwa mgumu.

Wako,
Neema