Barua kwa Mwanangu Aendaye Dawson Majira ya Baridi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Huku Whitehorse, kwetu Yukon kaskazini-magharibi mwa Kanada, hatujambo, baba yako anakusalimu. Kazi ya Dawson umeipata, alhamdulillahi, na utakaa huko tangu mwisho wa Oktoba mpaka Mei. Mambo haya sitaki kuyasemea kwenye simu, maana utayasahau kabla hujakata. Soma, kisha barua uitie kwenye gari.

Watu watakutisha na baridi. Ni kweli, nyuzi 40 chini ya sifuri mwezi wa Januari si habari, na kule Snag, katika Yukon hii hii, tarehe 3 Februari 1947 kipimajoto kilishuka hadi 63 chini ya sifuri. Lakini baridi haina siri, unaijua ilipo. Kinachowaumiza watu Dawson ni joto na maji yaliyokaa pasipo pake. Jasho ndani ya nguo, maji yaliyojificha chini ya theluji, moto wa nyumba unaoshuka ardhini. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa mwenyewe.

Nianze na jasho. Ukitoka mlangoni usikie kibaridi kidogo. Baada ya mwendo wa dakika kumi mwili utachemka wenyewe. Ukianza na joto utatoka jasho, na ukisimama kuongea na mtu lile jasho linakupoza kuliko hewa. Nguo ya ndani iwe ya sufu, juu yake sweta nene, nje koti lisilopitisha upepo. Pamba iache kabatini, na jinzi pia ni pamba. Buti zizidi mguu wako kidogo ili soksi mbili zikae bila kubana, maana mguu uliobanwa damu haifiki vidoleni. Glavu za vidole vitano ni za kufungulia mlango tu. Za kutembelea ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja vipashane joto. Kisha mtandio wako: ukiuvuta juu ya mdomo, pumzi inaulowesha na muda si mrefu unakuwa mgumu kama ubao, na ubao huo unagusa shavu. Beba wa pili ndani ya koti, ubadilishe.

Ngozi ikifanya doa jeupe au la kijivu na husikii kitu hapo, usisugue, na usikubali anayekwambia uisugue kwa theluji. Weka kiganja chenye joto juu yake na uingie ndani. Kama vidole vimekuwa vigumu kabisa, usiviyeyushe njiani ikiwa vitaweza kuganda tena. Kuganda mara ya pili ndiko kunakokata vidole. Wahi zahanati.

Gari. Toka hapa mpaka Dawson ni zaidi ya kilomita 500, na katikati kuna Carmacks, Pelly Crossing na Stewart Crossing, basi. Tangi lisishuke chini ya nusu, kwa sababu kituo ulichokitegemea kinaweza kuwa kimefungwa, na sehemu kubwa ya njia haina mtandao. Gari likikwama, kaa nalo. Kabla ya kuwasha injini ili upate joto, toka uondoe theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo ile gesi isiyo na harufu inarudi ndani na inaua watu wakiwa wamelala vizuri. Weka nyuma begi la kulalia, sepetu, kiberiti, mshumaa, chakula na kamba ya kuvutia. Ukifika, injini yako ina kipashio chake cha umeme. Kichomeke saa tatu au nne kabla ya kuondoka kila baridi ikipita nyuzi 20. Waya wa kuchomekea uwe wa nje, wa mpira laini. Ule wa ndani ya nyumba ukiukunja kwenye nyuzi 40 unapasuka ganda, na hapo umeme uko wazi juu ya theluji.

Nyumba utakayopanga utaikuta imekaa juu ya magogo yaliyopangwa msalaba, chini kuna uwazi ambao paka anapita. Usiuone ni umaskini ukauziba kwa mbao ili sakafu ipate joto! Dawson imejengwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima, udongo uliochanganyika na barafu tele. Joto la nyumba likiufikia, barafu inayeyuka na nyumba inazama upande mmoja. Ukitaka ushahidi nenda mtaa wa Third Avenue, kuna majengo ya zamani ya enzi za dhahabu yameegemeana mpaka watu wanayaita yanayobusiana. Ule uwazi unapitisha hewa ya baridi ili ardhi ibaki ngumu, na magogo yako pale ili fundi aje na jeki anyanyue kona iliyoshuka. Mlango ukianza kukwama mwezi wa Machi, mwambie mwenye nyumba. Usiukwangue na randa. Maji nayo, ukikuta bomba limeachwa litiririke kidogo usiku na mchana, usilifunge kwa kuona uchungu wa bili. Yanayotembea hayagandi kirahisi.

Ardhi hiyo hiyo imewahi kutunza hazina. Mwaka 1978 mashine ilichimbua mikanda zaidi ya 500 ya sinema zisizo na sauti, iliyofukiwa mwaka 1929 kwenye bwawa la kuogelea ndani ya ukumbi wa michezo. Aina ile ya mkanda inashika moto upesi na kuoza ovyo. Iliyoganda ikasalimika.

Na dhahabu yenyewe, ambayo watu hudhani ilichimbwa kiangazi. Keish, ambaye vitabu humwita Skookum Jim, na Káa Goox, yaani Dawson Charlie, pamoja na George Carmack, waliipata tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito ambacho baadaye kiliitwa Bonanza. Kufika 1898 mji ulikuwa na watu kama 30,000. Sensa ya 2021 imehesabu kama 1,600. Wale wa kwanza walichimba wakati wa baridi kwa makusudi. Dhahabu ilikuwa imelala chini juu ya mwamba, mita kadhaa, na kiangazi shimo lingejaa maji na kuta kuporomoka. Kwa hiyo jioni waliwasha moto wa kuni chini ndani ya shimo, asubuhi wakaondoa majivu na kuchota udongo uliolainika, kina cha sentimita 30 hivi kwa moto mmoja, wakaupandisha kwa ndoo na winchi ya mkono. Kuta zilisimama bila magogo ya kukinga, baridi ndiyo iliyozishika. Wakifika kwenye mwamba waligeuka wakachimba kwa ubavu kufuata kokoto. Rundo lilingoja juu mpaka maji ya Mei yatembee, ndipo walipoliosha. Wachimbaji wa Geita wangewaelewa mara moja, isipokuwa kwa lile la kuni. Wapo waliokufa kwa kushuka asubuhi kabla moshi haujatoka. Gesi ile ile ya bomba la gari. Na safari walizipima kwa chupa ya zebaki iliyowekwa nje: zebaki huganda karibu na nyuzi 39 chini ya sifuri, na ikishaganda mtu mwenye akili hasafiri.

Sasa mto Yukon, unaopita mbele ya mji, na hapa ndipo nataka usome mara mbili.

Kivuko cha George Black kinasimama mto unapoanza kushusha vipande vya barafu. Wakazi wa ng'ambo, West Dawson, wanakatika kwa wiki kadhaa mpaka barafu ifunge. Usiwe wa kwanza kuvuka, hata ukiona nyayo. Kwa barafu ngumu inayopitisha mwanga, sentimita 10 zinabeba mtu anayetembea, 15 pikipiki ya theluji, 30 gari dogo. Barafu nyeupe yenye mapovu ina nusu ya nguvu hiyo. Na vipimo hivyo ni vya ziwa. Mtoni mkondo unakula barafu kwa chini, hatua tatu mbele unene si ule ule. Tembea na mtaimbo, piga mbele yako kwa nguvu, maji yakitoka rudi ulikotoka. Shingoni vaa vile vipini viwili vyenye ncha za msumari. Ukitumbukia, geukia upande uliotoka, maana barafu ile ilikubeba, choma vipini, piga miguu kama unaogelea mpaka ulale kifudifudi, kisha jiviringishe. Usisimame.

Daraja la barafu, yaani njia ya magari juu ya mto ulioganda, hawalisubiri tu. Theluji ni blanketi, inazuia barafu isinenepe, kwa hiyo kwanza wanaishindilia au kuiondoa kwa vyombo vyepesi, kisha wanamwaga maji tabaka jembamba, ligande lote kabla ya lingine. Wenye haraka wakimwaga tabaka nene, juu hufanya ganda na chini hubaki maji. Na hata kwa ujuzi wote, majira ya 2016-17 na yaliyofuata, ufa wa maji ulibaki wazi mbele ya mji; mwaka 2018 serikali ikajaribu hata kurushia maji hewani yagande, ikashindwa. Watu walihamisha njia mahali pengine mtoni. Likifunguliwa, fuata mwendo ulioandikwa kwenye kibao: gari likikimbia linasukuma wimbi chini ya barafu, na wimbi ndilo linalopasua. Kwenye vijito tahadhari na maji yaliyopanda juu ya barafu na kufichwa na theluji. Kina cha kifundo cha mguu kinatosha kukuharibia buti kilomita tano kutoka nyumbani, umbali wa Moosehide, kijiji cha Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa Dawson, huko chini mtoni. Usiende huko bila mwenyeji.

Desemba jua linakaa saa nne na kitu, na huko mjini vilima vinalificha kwa wiki kadhaa. Kama una deni la funga, lilipe wakati huo, hutapata siku fupi kuliko hizo. Lakini Adhuhuri na Alasiri zinafuatana, weka kengele kwenye simu, na simu iwe mfuko wa ndani maana betri haipendi baridi.

Machi mji unafufuka. Kuna sherehe ya Thaw di Gras, watu wanarusha mashoka na kukata magogo. Kuna mbio za mbwa za Percy DeWolfe, zilizoanza 1977, toka Dawson hadi Eagle huko Alaska na kurudi, kama kilomita 338, kwa heshima ya mbeba barua wa njia hiyo. Ukienda kutazama, simama upande mmoja wa njia usivuke, usipige picha kwa mwanga mkali, mbwa mwingine usimlete. Utashangaa waendeshaji wanalalamika jua likitoka: mbwa wale wanateseka nyuzi 5 chini ya sifuri kuliko nyuzi 25.

Halafu Mei mto unavunjika. Juu ya barafu wanasimamisha miguu mitatu ya mbao yenye waya uliofungwa kwenye saa, ikisogea saa inasimama, na aliyekisia dakika anachukua fedha. Mchezo huo wanao tangu 1896. Ni kamari, msimamo wangu unaujua, lakini kutazama hakuna ubaya. Tazama ukiwa juu ya tuta. Tarehe 3 Mei 1979 vipande viliziba mto chini ya mji na maji yakaingia mitaani, ndiyo maana tuta likajengwa. Vitu vyako vya sakafuni vipandishe mezani wiki hiyo, na gari liegeshe upande wa mlimani.

Wako,
Mama