Lipu mpya imeharibu chumba cha mama, tuibandue?

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu, salaam.

Nyumba yetu ipo Bagamoyo, Mji Mkongwe, karibu na pwani. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Tangu utoto wetu kuta zilipakwa chokaa tu kila Ramadhani ikikaribia, na hazikutusumbua sana.

Kaka yangu mkubwa alileta fundi, akabandua lipu ya zamani chumbani kwa mama, akapiga ya saruji na kupaka rangi ya mafuta. Ilipendeza kwelikweli. Masika yalipoingia, rangi ikavimba malengelenge; ukiyabonyeza yanapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Unyevu uliokuwa unaishia magotini sasa umefika kiunoni. Nguo zinanuka ukungu, na mama anakohoa usiku.

Bati halivuji, nimekagua. Kisha nikabandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote nikaziba kwa selotepu. Siku chache baadaye matone yalikuwa upande wa ukutani, kwa hiyo maji yanatoka ndani. Nyumba za zamani kama hii hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, na jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa kibatari. Chokaa huyaacha yatoke yakauke. Saruji na rangi ya mafuta huyaziba, nayo yanazidi kupanda. Ncha za boriti zimo ndani ya ukuta huohuo. Zikioza, je?

Kaka sasa anataka vigae hadi usawa wa kifua. Hilo silikubali hata kidogo, maana ni kuziba tena. Mzee mmoja, mwashi wa siku nyingi, anashauri tubandue saruji yote, ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo tupige lipu ya chokaa. Mimi nipo naye, ila mwenye fedha ni kaka.

Naomba waliopitia haya wanijibu. Saruji inabanduliwaje bila kumeguka na jiwe? Jirani ameinua uwanja wake kwa kifusi, na mvua ikinyesha maji yanasimama ukutani kwetu. Tuanze na mfereji kabla ya lipu? Je, kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, inayosimamia majengo ya kale, kinahitajika hata kwa kazi ya ndani? Na kaka nimwambieje, asione namvunjia heshima mbele ya mama?

Msomaji wenu,
Bagamoyo