Mashoga jeshini: hoja ya mshikamano ilishapimwa Uingereza

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba mashoga wakiruhusiwa jeshini vikosi vitasambaratika, amerudia hoja iliyotetewa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hadi mwaka 1999. Namwomba atazame iliishia wapi.

Kwa jina la mshikamano wa kikosi, wanajeshi walipekuliwa maisha yao ya faragha. Jeanette Smith alikuwa muuguzi katika Jeshi la Anga. Mwaka 1994 mwanamke asiyejitaja jina alimchongea kwa wakubwa wake kuwa anapenda wanawake wenzake. Wachunguzi walimhoji mpaka wakamuuliza kama alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na binti wa miaka 16 aliyekuwa akimlea. Swali kama hilo lililinda mpaka gani wa nchi?

Smith alifukuzwa kazi. Yeye na wenzake walishtaki, na Septemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi. Majaji walisema chuki ya walio wengi dhidi ya wachache si sababu ya kutosha kumfukuza mtu kazi, kama isivyotosha anapochukiwa kwa rangi yake. Marufuku ya mashoga jeshini iliondolewa Januari 12, 2000. Baadaye jeshi hilohilo lilipigana Iraq na Afghanistan, likiwa na askari mashoga wasiojificha, na vikosi havikusambaratika.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya Joe Ousalice wa Jeshi la Majini. Alipigana katika vita vya Falklands dhidi ya Argentina, akatumikia karibu miaka 18. Mwaka 1993 alifukuzwa kwa kuwa anavutiwa na wanaume na wanawake pia. Ameeleza jinsi mtu alivyoingia na mkasi, akamwambia anaitaka nishani yake, kisha akaikata pale pale kifuani. Ilikuwa nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema! Alirudishiwa Desemba 2019.

Mwenzangu anasema imani yake hairuhusu mapenzi ya jinsia moja. Hilo ni lake na namheshimu. Ila askari hupimwa kwa utii, ujuzi na ushujaa, na Ousalice alivyo navyo vilionekana vitani.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, aliwaomba radhi wanajeshi hao bungeni Julai 2023, na mwaka uliofuata serikali ikatenga pauni milioni 75 za fidia. Walipwe upesi, hasa wazee na wagonjwa, kwani wapo waliokwisha kufa wakisubiri.

Msomaji wenu,
Nakuru